Baraka, Mtoto Anayekula Matumbo Mabichi

Leo nimeacha uso wangu mjini, ghorofa ya tatu, kwenye maabara moja ambayo sitaitaja. Atakayepita huko naomba aniokotee. Mimi sirudi.

Nianze mwanzo, maana najua mtaniuliza.

Mnawakumbuka wale paka watatu niliowaambia habari zao? Mama yao aligongwa na pikipiki hapa kwetu Dagoretti, akawaacha nyuma ya tangi langu la maji, macho ndiyo kwanza yanafunguka. Nikawachukua. Nikawalea kwa chupa. Nikawapa majina: Neema, Imani na Baraka. (Mume wangu alinionya nisiwape majina ya watu. Sikusikia. Liwekeni hilo akilini.)

Sasa wana kama wiki saba. Wamekua, lakini matumbo, jamani! Mgongo mbavu tupu, tumbo ngoma. Kisha siku moja Neema akatapika kitu kama tambi. Nikainama nikitazame vizuri. Tambi ikajikunja. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja na rungu.

Nikaenda kwa daktari wa mifugo kule Spring Valley, ambaye niliwahi kumshonea mapazia ya kliniki. Akanipa dawa ya minyoo, na siku ya kurudia. Na hapa niwaeleze polepole, wenye paka wadogo msikie. Dawa ile huua minyoo mikubwa iliyo tumboni. Mayai na wale wachanga wanaozurura mwilini hubaki, halafu hukua, na tumbo linavimba tena. Ndiyo maana hurudiwa. Ukiona minyoo imerudi usikate tamaa, na usijipe lawama. Hata mimi nilijipa, haikunisaidia.

Basi tukarudia. Neema akapona. Imani akapona, sasa hivi ananing'inia kwenye pazia. Baraka akakataa kupona. Kuhara tu. Maji, kisha ute. Jana nikaona na damu kidogo.

Leo asubuhi nikachukua kisu kuwakatia chakula chao, matumbo ya ng'ombe. Kwa kawaida Baraka akisikia kile kisu hupanda mguu wangu kama mti. Leo hakupanda. Alikaa kwenye boksi, akaniangalia, akafumba macho.

Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye ndala.

Nikampigia daktari. Akapokea akihema.

"Mama Nekesa, niko mbali, namzalisha ng'ombe wa mtu. Mguu mmoja wa ndama umetoka, mwingine umekataa."

"Daktari, Baraka hali."

"Anahara bado? Baada ya dawa zote? Basi huenda si minyoo. Lakini bila kinyesi kupimwa nitakuwa nabahatisha tu. Tafuta mahali wapime choo, uniambie majibu. Nikijua ni nini, nitampigia msaidizi wangu akupe dawa. Na usimwache apate baridi!"

Simu ikakatika. Nadhani ule mguu mwingine ulikuwa umekubali.

Sasa niambieni, choo cha paka kinapimwa wapi? Nikatoka nje, nikamkuta Mama Mutua, jirani yangu, anaanika nguo. Mama Mutua ni mtu wa Machakos, na hajawahi kukosa jibu la swali lolote tangu nimjue. (Kama jibu ni sahihi, hilo ni jambo lingine.)

"Si uende mjini, zile maabara za tao?" akasema. "Unapanda ngazi, unaacha choo, unangoja, unapewa majibu. Mimi nilipimwa typhoid hapo."

"Hizo ni za watu, Mama Mutua."

"Kwani nani atajua? Usiseme ni ya paka, watakufukuza na hiyo kitu yako. Sema ni ya mtoto. Choo ni choo. Ile mashine yao haiwezi uliza ni nani alikunya."

Nilicheka. Halafu nikamwangalia Baraka. Halafu nikaacha kucheka na kutafuta kichupa.

Nikapata kimoja kilichokuwa cha tangawizi. Nikakiosha, nikatia mzigo, nikakifunga kwa gazeti. Kisha nikachukua begi langu kubwa, lile la kanisani, nikatandika leso, nikaweka chupa ya maji moto iliyofungwa taulo, na Baraka juu yake. Singemwacha nyumbani. Zipu nikaiacha wazi kidogo ili apate hewa na mimi nipate nafasi ya kidole. Njia nzima hadi mjini kidole changu kilikuwa ndani ya begi, kikitafuta joto. Akinilamba, napumua. Asiponilamba, nabana pumzi.

Mlangoni pa jengo lenye maabara, askari. Mnajua haiwezekani kuingia hata chooni mjini bila kukaguliwa.

"Sasa mama. Fungua begi."

Nikafungua upande wa gazeti.

"Hii ni nini?"

"Ni choo."

Akaurudisha mkono wake kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwa askari. "Pita, mama. Pita tu."

Nikapita. Begi likasema, "Nyau." Kidogo sana, kama mlango wa kabati. Nikakohoa. Askari akaniangalia. Nikakohoa tena, mara hii kwa bidii ya mtu mwenye kifua kibovu, nikapanda ngazi.

Maabara yenyewe ni chumba kimoja chenye mabenchi, na mbele kuna kidirisha. Nyuma ya kidirisha kuna kijana mrefu wa koti jeupe ambaye watu wote wanamwita daktari. Ukitaka siri, usiende pale. Kidirisha kiko chini, kwa hiyo unainama, na yeye yuko ndani, kwa hiyo anapaza sauti. Mabenchi yote yanasikia. Tulijua kabla ya saa nne mzee wa kofia ana sukari na dada wa suti nyeusi hana mimba. (Alishukuru kwa sauti. Tukashukuru naye.)

"Jina la mgonjwa?"

"Baraka."

"Baraka nani?"

Sikuwa nimefika huko kimawazo. "Baraka Wafula," nikasema. Nimempa paka jina la baba mkwe. Nisameheni, Baba Wafula.

"Umri?"

Ningesema miaka mitano, yangeishia hapo. Lakini nikafikiri: wakidhani ni mkubwa, wasome majibu vibaya, daktari anipe dawa mbaya, Baraka afe kwa uongo wangu. Nikasema kweli.

"Wiki saba."

Akaniangalia, akachukua kichupa. "Ngoja hapo."

Nikakaa karibu na mama mmoja mnene mwenye sweta la bluu, mchangamfu, amekuja kupima presha.

"Mtoto anaumwa?" akaniuliza.

"Anahara. Amekataa kula."

"Woi, pole mwanangu. Hao wadogo huwa wanatutesa. Mungu atamsaidia." Akanipigapiga goti. Nikataka kulia. Nikaingiza kidole kwenye begi badala yake. Joto lipo. Ulimi, kidogo.

Tukangoja. Kisha kidirisha kikafunguka, na yule kijana hakuita jina kama alivyowaita wengine. Alitoa kichwa chote.

"Mama Baraka. Kuja hapa."

Nikaenda nikainama.

"Mama, hii choo ni ya mtoto wa wiki saba? Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Kuna vitu naona hapa si kawaida kuona kwa mtoto. Ako na nini? Ananyonya?"

Sasa, kazi yangu ni kufundisha wasichana kushona. Siku nzima naeleza zipu inavyowekwa, naeleza tena, mpaka ieleweke. Mtu akiniuliza kitu siwezi kujibu nusu. Ni ugonjwa. Tena huyu ndiye angeniambia nini kinamuua Baraka. Nikaamua kumpa kila kitu, isipokuwa neno moja.

"Hanyonyi. Mama yake alikufa."

"Pole. Wewe ni nani yake?"

"Nimemwokota tu. Nyuma ya tangi."

Mzee wa kofia alikuwa anakunja gazeti, akaacha katikati.

"Umemwokota," akasema kijana polepole. "Uliripoti?"

"Niliwaambia majirani."

"Anakula nini?"

"Alikuwa wa chupa. Siku hizi, matumbo."

"Supu ya matumbo?"

"Matumbo yenyewe. Nayatoa kule kichinjioni Dagoretti, wananijua."

"Unayachemsha kwa muda gani?"

"Hapana, ni mabichi. Yakichemshwa hayapendi sana."

Nyuma yangu mtu akasema, "Ngai!"

Nikajua sasa mambo yanaharibika. Lakini ningeishia wapi? Kijana alikuwa amechukua kalamu, na uso wake umekuwa kama wa mwalimu wa zamu.

"Anaendea choo wapi? Anavaa nepi?"

"Kwenye karai. Ninamwekea vumbi la mbao, fundi wa hapo kwetu hunipa."

"Na wewe unaliosha hilo karai?"

"Naongeza vumbi juu," nikasema. Hapo hata mimi nilisikia jinsi lilivyosikika.

"Kuna watoto wengine kwa hiyo nyumba?"

"Wako watatu. Wamezaliwa pamoja."

"Wote wanatumia hilo karai?"

"Wote. Lakini hao wengine wako sawa, mmoja hata ananing'inia kwa pazia."

Mama wa sweta la bluu akasimama. Ule uchangamfu wote ulikuwa umeondoka.

"Wewe mama! Nimekuonea huruma bure! Unalisha malaika wa Mungu matumbo mbichi?"

"Mama, ngoja nikueleze..."

"Utanieleza nini? Wanalala wapi?"

"Kwa boksi," nikasema. (Naomba mtu anieleze kwa nini nilijibu.)

Chumba kikalipuka. "Boksi!" "Ati boksi!" "Huyu ashikwe!" Dada wa suti nyeusi alikuwa tayari na simu, anauliza nani ana namba ya watu wa haki za watoto. Mzee wa kofia akasema kwao mtu kama huyo huitiwa chifu kwanza. Mtu akaenda kwenye ngazi akamwita askari, na askari akaja anakimbia, akanitambua.

"Huyu? Huyu alinikoholea pale chini! Nilijua tu ako na kitu."

"Mama," akasema kijana wa kidirishani, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililoniumiza zaidi kuliko kelele. "Sikushtaki. Lakini huyu mtoto anaumwa sana. Niambie ukweli. Sasa hivi yuko wapi?"

Nilikuwa na uongo tayari. Yuko nyumbani na shangazi yake. Ungetosha, ningeteremka ngazi, ningepotea katikati ya jiji, na leo ningekuwa nawaandikia habari nyingine. Lakini katika zile kelele zote kidole changu kilikuwa kimerudi kwenye begi, kama kawaida.

Na hakikulambwa.

Nikamsukuma kidogo. Hakusogea. Sikio lake lilikuwa baridi. Ile chupa ya maji ilikuwa imepoa na mimi nilikuwa nimesimama pale naeleza mambo ya karai.

"Yuko hapa," nikasema.

"Hapa wapi?"

"Kwa begi."

Halafu mama wa sweta akapiga ukemi ambao nadhani ulisikika mpaka kituo cha reli: "AMEWEKA MTOTO KWA BEGI!"

Sikungoja. Nikafungua zipu yote, nikamtoa Baraka na leso yake, nikamlaza pale kwenye kidirisha. Mkia umelegea, mdomo wazi kidogo.

"Ni paka," nikasema. Nilikuwa nalia. "Ni paka, nilidanganya, nishikeni baadaye, lakini msaidieni kwanza."

Askari alivua kofia, sijui kwa nini. Dada wa suti akashusha simu. Kijana alimwangalia Baraka, akaniangalia mimi, akaiangalia kalamu yake, na nikaona jibu la maswali yake yote likimwingia moja baada ya jingine: matumbo, karai, boksi, pazia.

"Ni paka," akasema. Kisha akashtuka kama mtu aliyeamshwa. "Amepoa huyu! Na hajala. Nipeeni glukosi hapo ndani! Mtu amshike, apate joto!"

Nani akamshika? Mama wa sweta. Yule yule. Alinisukuma kando, akamchukua Baraka kwa mkono mmoja, akafungua vifungo, akamtia kifuani, pale ambapo mama wa Nairobi huweka simu, pesa na kila kitu anachokithamini. Akafunga sweta juu yake.

"Nimelea wajukuu wa miezi saba waliozaliwa kabla ya wakati," akanifokea. "Paka ni nini?"

Kijana akaja na glukosi iliyokorogwa, akachovya kidole, akampaka Baraka kwenye ufizi. Akapaka tena. Chumba kizima kilikuwa kimesimama kwenye duara kumzunguka yule mama, kila mtu anachungulia kifua chake, na hakuna aliyeona ni jambo la ajabu. Mzee wa kofia alikuwa anaomba. Kwa kweli alikuwa anaomba, kwa Kikamba, na jina la Baraka nililisikia.

"Anafanya aje?" askari akauliza.

"Nyamaza."

"Anapumua?"

"Nimesema nyamaza!"

Kisha uso wa yule mama ukabadilika. Macho yakamtoka. Akashika ukuta.

"Nini? Nini?" nikauliza.

"Naskia joto," akasema.

"Ni vizuri!"

"Si hiyo joto."

Likaja na harufu. Baraka Wafula alikuwa amerudi duniani, na kitu cha kwanza alichofanya ni kile anachokijua zaidi. Alihara, ndani ya sweta, ndani ya blauzi, na sijui mpaka wapi kwingine, kwa sababu niliona haya kuuliza. Kisha kichwa kikatokeza kati ya vifungo, masikio yamesimama, akasema, "Nyau!" Mara hii haikuwa kama mlango wa kabati.

Watu wakapiga makofi. Nawaapia. Maabara nzima ilimpigia makofi paka aliyemharia mgeni wa presha.

Nilipiga magoti kumwomba yule mama msamaha. Nikamwambia anawe kwa sabuni, maji mengi, mikono na kifua, na nguo zifuliwe kwa maji moto, kwa sababu mambo ya tumbo la mnyama si ya kuchezea. Nilikuwa naeleza tena.

"Inuka," akasema. "Sasa hata hiyo presha yangu nani ataipima? Si itaonyesha ya ndovu!"

Kijana akampigia simu daktari wa Spring Valley mbele yangu, akamsomea alichokiona. Mayai ya minyoo yalikuwa machache. Tatizo lilikuwa vijidudu vingine, vidogo sana, ambavyo havionekani kwa macho na ambavyo dawa ya minyoo haivigusi hata kidogo. Ndiyo maana tulikuwa tunarudia na kurudia bure. Paka huvipata kwa kukanyaga choo, kisha kulamba makucha. Kwa hiyo karai ni la kumwagwa kila siku na kuoshwa kwa maji yanayochemka, si kuongezewa vumbi juu. Na matumbo ni ya kupikwa. Baraka ayapende, asiyapende.

Halafu nikasikia daktari akicheka kwenye simu. Alicheka mpaka ng'ombe akalia. Nikajua kijana amefika kwenye habari ya nepi.

Dawa nimeichukua Spring Valley mchana, kutoka kwa msaidizi. Naye alikuwa ameshasikia. Aliniuliza mtoto anaendeleaje huku ameuma mdomo. Baraka amepata dozi ya kwanza. Nimeambiwa bado ni siku za kumwangalia, kwa hiyo nikisema amepona nitakuwa nadanganya, na kudanganya nimeacha leo. Lakini jioni hii nilichemsha matumbo, nikayasaga, nikamwekea kidogo kwenye ncha ya kidole. Aliyanusa. Akaniangalia kwa dharau. Akalamba.

Mama Mutua alikuwa ananingoja getini.

"Ilienda aje? Walijua ni ya paka?"

"Walijua."

"Haiya! Nani aliwaambia?"

Nikampita, nikaenda kuchemsha maji ya karai.

Ndugu zangu, mwenye paka anayehara aseme paka tangu mlangoni, hata kama askari atacheka. Na nyinyi mnaosoma, nawaomba msinicheke. Mkishindwa, basi chekeni kwa sauti ya chini. Baraka ndiyo kwanza amelala.